Chipu isiyojulikana na deni la marehemu

  

Ndugu msomaji, wiki hii tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa sura yake ni la mafundi wa simu, lakini kwa hakika yake ni la warithi, wajane na mayatima. Jambo lenyewe ni namna ya kuitambua chipu ya kumbukumbu isiyojulikana, iliyobanwa katika bodi ya simu iliyokufa, ilhali ndani yake mna amana za watu.

Wazee wetu waliandika madeni katika daftari lililowekwa chini ya godoro au ndani ya sanduku. Leo mfanyabiashara mdogo huandika deni lake kwa ujumbe mfupi: “Nimepokea mzigo, nitamalizia Ijumaa.” Ujumbe huo hubaki katika simu ya vitufe, hii tunayoiita kitochi, wala mkewe haujui, wala nduguze hawaujui. Siku anapofariki, simu huwa ndiyo daftari. Na simu nayo ikifa, daftari limefungwa.

Uzito wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mgawo wa mirathi umewekwa baada ya wasia na deni. Nayo aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshughulikia kuandikwa kwa deni. Tunajua pia kwamba Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Sahaba Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Basi mrithi anayekimbilia kugawa kabla ya kuuliza, huenda anagawa mali isiyokuwa yake.

Mjane na simu iliyozama

Kamati ya msikiti wetu ilifikiwa na familia moja baada ya maziko. Marehemu alikuwa akiuza nafaka kwa rejareja. Pale makaburini ilitangazwa kama ilivyo ada, kwamba mwenye kumdai marehemu awaone jamaa zake, na watu wawili walijitokeza. Mjane alikuwa na hakika kwamba wapo wengine, kwa kuwa mumewe alikuwa akimwambia kila jioni, “Yote nimeyaandika humu,” huku akiigonga simu yake kwa kidole. Simu hiyo ilitumbukia katika ndoo ya maji siku za ugonjwa wake, na haikuwaka tena.

Mdogo wa marehemu alitaka mgawo ufanyike wiki ileile. Mjane akaipeleka simu kwa fundi kijana, aliyewahi kusoma katika madrasa yetu. Fundi akaifungua, akaitazama, akasema, “Mama, hii nikipata bodi nikaiflashi, itawaka kesho.”

Mjane akamjibu, “Mwanangu, mimi sitaki iwake. Nataka ituambie marehemu alikuwa anadaiwa na nani.”

Tunawaomba wasomaji wakae na jibu hilo, kwa sababu ndani yake mna tofauti ambayo wengi hawaijui. Kuiflashi simu ni kuandika programu upya katika kumbukumbu yake. Kwa anayetaka simu ya kupigia, hiyo ni tiba. Kwa anayetaka yaliyokuwamo, huenda ikawa ndiyo kuyazika, kwani katika simu nyingi za bei nafuu programu ya simu na ujumbe wa mwenyewe hukaa katika chipu moja. Kinachotakiwa hapo ni kusoma, na kusoma hakuwezekani mpaka kwanza ijulikane chipu hiyo ni ipi.

Chipu hii ni kitu gani

Kumbukumbu ya aina hii ni ile isiyopoteza yaliyomo umeme unapokatika. Mjapani Fujio Masuoka, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba, aliitangaza kumbukumbu ya flashi mwaka 1984. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitolewa na mwenzake kazini, kwa kuwa kufutika kwake kwa mkupuo kulimkumbusha mwanga wa kamera. Data huhifadhiwa kwa chaji ndogo za umeme zilizonaswa katika vijumba visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana maji yanaweza kuiua simu kwa kuharibu njia za umeme, huku chipu yenyewe ikibaki salama na yaliyomo yamo.

Katika kitochi, chipu hii mara nyingi ni kipande cheusi kidogo, chenye miguu minane. Vipande vyeusi vya miguu minane katika bodi vinaweza kuwa vingi, na kila kimoja kina kazi yake. Kimoja hudhibiti chaji, kingine hukuza sauti, na kimoja ndicho kilichobeba siri za mwenye simu. Fundi anayebahatisha anaweza kutia umeme usiofaa katika kipande kisichofaa, na jaribio likawa la mwisho.

Waliosoma elimu ya Hadithi watakumbuka kwamba wanavyuoni walikumbana na tatizo linalofanana na hili: mpokezi asiyejulikana, ambaye walimwita majhul. Hawakumkubali kwa dhana wala hawakumtupa kwa haraka. Waliuliza jina lake, mji wake, masheikh wake, na waliopokea kutoka kwake. Tena walitofautisha kati ya asiyejulikana yeye ni nani, na yule anayejulikana ni nani lakini haijulikani hali yake. Tofauti hiyo itatufaa hapa chini. Fundi wetu naye, baada ya kuelezwa lililo hatarini, aliweka kando bloa yake na kuanza kutafuta mashahidi.

Shahidi wa kwanza: maandishi

Juu ya chipu huwa mna maandishi yaliyochongwa kwa miale ya leza. Ulikaji uliotokana na maji ulikuwa umeyafifisha. Fundi aliisafisha chipu kwa spiriti, akapaka vumbi la chaki, akapangusa juu kwa kidole, kisha akamulika taa kwa ubavu na kutazama kwa lenzi. Chaki iliyobaki katika michoro ikayatoa maandishi. Yalisomeka 25, kisha doa, kisha Q32.

Maandishi hayo yana lugha yake. Tarakimu 25 ni jamaa ya chipu za flashi zinazozungumza na prosesa kwa nyaya chache. Ingekuwa 24, ingekuwa jamaa nyingine, ya kumbukumbu ndogo zinazowekwa katika runinga na mashine za kawaida kwa ajili ya kuhifadhi mipangilio. Ingekuwa 93, ingekuwa jamaa ya tatu. Tarakimu za mwisho, 32, ni ukubwa. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani ni megabaiti 32. Hesabu hiyo ni ya megabiti, na baiti moja ina biti nane, kwa hiyo 32 ni megabaiti 4 tu. Kwa ujumbe mfupi wa maandishi, hiyo ni nafasi kubwa.

Lililobaki ni lile doa. Kampuni ya GigaDevice hutengeneza chipu iitwayo GD25Q32, inayotumia volti 3.3, na nyingine iitwayo GD25LQ32, inayotumia volti 1.8. Tofauti kwa jicho ni herufi moja, L. Tofauti kwa chipu ni uhai na kifo, kwani ya volti 1.8 ikilishwa volti 3.3 huweza kuungua. Je, chini ya doa lile palikuwa na herufi au hapakuwa na kitu? Jina lilikuwa limejulikana, lakini hali haikujulikana.

Shahidi wa pili: majirani

Mtu hujulikana kwa anaokaa nao, na chipu vivyo hivyo. Fundi alitumia mita yake kufuata njia za umeme, mguu kwa mguu. Katika jamaa ya 24 na jamaa ya 25, mguu wa nne huenda katika hasi na mguu wa nane hupokea umeme, kwa hiyo miguu hiyo miwili haitofautishi. Kinachotofautisha ni mingine. Katika jamaa ya 24, mguu wa kwanza, wa pili na wa tatu ni ya anwani, na mara nyingi huunganishwa moja kwa moja na hasi. Katika jamaa ya 25, mguu wa kwanza ni wa kuiita chipu, wa pili ni wa kutoa data, wa tano ni wa kupokea, na wa sita ni wa mapigo ya saa, na yote hiyo huelekea kwa prosesa. Njia za bodi hii zilielekea huko. Shahidi wa pili akakubaliana na wa kwanza kuhusu jamaa.

Kuhusu volti, bodi ilikuwa imekufa, wala hapakuwa na umeme wa kupima. Fundi akatafuta simu nzima ya aina ileile, akahakikisha kwamba namba iliyochapwa kwenye bodi ni moja na ile ya marehemu, akaiwasha na kupima mguu wa nane. Mita ikasoma volti 1.8. Hakutosheka na jina la simu lililo juu ya kasha, kwa kuwa simu mbili za jina moja zaweza kuwa na bodi tofauti ndani. Hapo ndipo ilipokuwa salama kuitoa chipu na kuiweka katika kisomaji, kwa volti 1.8.

Shahidi wa tatu: chipu yenyewe

Chipu za jamaa ya 25 zina adabu nzuri, nayo ni kwamba zikiulizwa jina hujibu. Kisomaji hupeleka amri iitwayo 9F, na chipu hurudisha baiti tatu: ya kwanza mtengenezaji, ya pili aina, ya tatu ukubwa. Namba za watengenezaji zimeorodheshwa na taasisi ya JEDEC, iliyoanzishwa mwaka 1958, ili kila kampuni ijulikane kwa namba yake.

Mara ya kwanza jibu lilikuwa FF FF FF. Hilo si jina, bali ni ukimya: nyaya hazikugusana sawasawa. Fundi akasafisha tena miguu, akauliza tena, na jibu likaja: C8 60 16. C8 ni GigaDevice. 60 ni jamaa yake ya volti 1.8, kwani ile ya volti 3.3 hujibu 40. Na 16 kwa hesabu ya kikompyuta ni 22 kwa hesabu yetu: anza na moja, ukizidishe kwa mbili mara 22, utapata baiti 4,194,304, ambazo ndizo megabaiti 4. Herufi iliyofichwa na doa ilikuwa L.

Akaisoma chipu yote mara tatu na kulinganisha nakala zote tatu. Zilipokuwa sawa bila tofauti ya baiti hata moja, akaifunga chipu katika karatasi na kumkabidhi mjane. Kuanzia hapo kazi yote ilifanywa juu ya nakala, na asili haikuguswa.

Sitara ya marehemu

Hapa lilizuka swali ambalo si la ufundi. Simu ya mtu ina mengi. Ina aliyoyasema kwa hasira, ina maradhi yake, ina siri za waliomwamini. Kumsitiri Muislamu ni wajibu wetu akiwa hai, na maiti hawezi kujitetea. Kamati ikakubaliana na warithi juu ya masharti matatu: utafutaji ufanywe kwa maneno ya madeni pekee, kama deni, nitalipa, nimepokea na salio, wawepo mrithi mmoja, mwanakamati mmoja na fundi, na baada ya kazi nakala zifutwe mbele yao.

Fundi alipotafuta neno “deni” hakupata kitu. Mdogo wa marehemu akasema, “Si mnaona? Hakuna.” Lakini katika simu nyingi za aina hii kila herufi huhifadhiwa kwa baiti mbili, moja ikiwa sifuri. Anayetafuta neno kwa namna ya kawaida hulipita bila kuliona. Fundi alipotafuta kwa namna ya baiti mbili, ujumbe ukajitokeza, na miongoni mwake uliokwisha kufutwa. Chipu ya namna hii haifuti neno mojamoja; hufuta vipande vizima vya baiti 4,096, na mpaka kipande kifutwe, maneno yaliyoondolewa katika skrini yaweza kuwa bado yamo.

Faida hiyo ina hatari ndani yake. Ujumbe uliofufuliwa hauji kwa mpangilio wa tarehe. Ujumbe mmoja ulionyesha marehemu anadaiwa shilingi 400,000 na mmoja wa wale wawili waliojitokeza makaburini. Mwingine, uliokuwa mbali na huo, ulionyesha amelipa 250,000. Kama tungesimama katika wa kwanza, tungewadhulumu mayatima. Tulimwendea mdai kwa upole. Akafungua daftari lake, akaona malipo hayo, akasema alikuwa ameyasahau. Salio likabaki 150,000.

Ujumbe mwingine ulimtaja mzee mmoja muuza magunia, ambaye hakuwa amejitokeza. Alipoulizwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Ni kweli, lakini ningewezaje kwenda kudai penye mayatima?” Alidai shilingi 180,000. Warithi wote, pamoja na yule mdogo wa marehemu, walikubali alipwe kabla ya mgawo, na akalipwa.

Wa tatu hakuwa na jina, ila namba isiyopatikana tena, na kiasi cha shilingi 35,000. Fedha hizo zimetengwa kama amana, na suala lake limepelekwa kwa Kadhi. Tunasisitiza hapa kwamba maandishi ya simu ni dalili, na deni huthibiti kwa kukiri au kwa ushahidi. Chipu ilituonyesha mlango wa kubisha hodi. Haikuhukumu, wala kamati haikuhukumu.

Nasaha kwa familia

Kwanza, simu ya marehemu isipelekwe kwa fundi kwa kauli ya “itengeneze”. Semeni wazi kwamba mnachotaka ni yaliyomo, na kwamba asiandike chochote ndani yake kabla ya kutoa nakala. Iliyoingia maji isiwashwe wala isichajiwe. Itolewe betri na ipelekwe mapema.

Pili, fundi anayesema “nadhani” na mkono wake tayari uko kwenye bloa, mwambieni asubiri. Amri ya kuthibitisha habari, iliyomo katika Suratul-Hujurat, haikuwekwa kwa ajili ya maneno ya watu peke yake. Kila penye haki ya mtu mwingine, dhana haitoshi, na hapa mashahidi watatu walihitajika kwa ajili ya herufi moja.

Tatu, mnapouza au kugawa simu kuukuu, kumbukeni kwamba kilichofutwa katika skrini huenda bado kimo. Simu yenye siri za nyumba isiuzwe kwa shilingi elfu chache.

Nne, na hili ndilo kubwa: andikeni madeni yenu katika karatasi, kwa tarehe, jina kamili na kiasi, mbele ya mashahidi, na mwenza wako au mtu mwaminifu ajue karatasi iko wapi. Kila unapolipa, andika malipo karibu na deni lenyewe. Si kila maji yaingiayo katika simu huacha chipu ikiwa salama, na si kila mtaa una fundi mwenye subira ya kupaka chaki na kuuliza mara mbili. Karatasi moja iliyoandikwa leo baada ya Swala ya Isha ingemwondolea mjane yule siku nyingi za wasiwasi ndani ya eda yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasamehe marehemu wetu, azitue dhima zao, na atujaalie kuwa wenye kulipa kabla ya kuulizwa. Wabillahi tawfiq.